Shule Iwe Wapi?

Leo tuko pamoja na darasa la Lalago, Wilaya ya Maswa. Somo letu ni historia ya njia ya kwenda shule.

Wazee mliomo darasani mnajua jinsi Wasukuma walivyokaa zamani: kila mji peke yake, katikati ya mashamba yake, ng'ombe karibu. Ni makao mazuri kwa mfugaji. Lakini shule iwekwe wapi? Ukiiweka kwa huyu, iko mbali na yule.

Nchi nyingine hufunga shule ndogo na kukusanya watoto katika shule moja kubwa. Uchina ilifanya hivyo tangu mwaka 2001. Watoto wakatembea mbali, au wakalala bwenini wangali wadogo. Mwaka 2012 serikali yenyewe ikaamuru ufungaji ule usimamishwe.

Sisi tulifanya kinyume: tulihamisha watu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Mwaka 1974 operesheni ikafika Mkoa wa Shinyanga, na Maswa ilikuwa ndani yake, kwa kuwa Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 tu. Watu walipakiwa katika malori pamoja na vyungu vyao. Mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa, mtu asirudi. Shule ikawa karibu, shamba likawa mbali. Novemba hiyo ya 1974, huko Musoma, TANU ikaazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Tuseme kweli: watoto wengi walisoma kwa sababu ya vijiji vile. Lakini mzazi hakuulizwa, na hilo mimi silisifu.

Iko njia ya tatu, nayo ni shule shikizi. Wananchi hujenga vyumba viwili vitatu karibu na makazi yao. Watoto wadogo husoma hapo, chini ya ulezi wa shule mama, mpaka shule ikue na isajiliwe. Mwaka 2021 serikali ilitenga fedha za kujenga madarasa 3,000 ya shule za namna hiyo. Lakini shule isiyo na vyoo wala madarasa ya kutosha hukawia kusajiliwa, na mtoto akifika darasa la juu hurudia njia ile ile ndefu.

Sasa, mwalimu, zima redio. Mzungumze: mtoto mdogo kuliko wote katika kitongoji chenu hupita wapi kwenda shule? Na mvua ikinyesha, ni mto gani unaomzuia?