Unyenyekevu na Kungoja Wokovu katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Unyenyekevu, katika mafundisho ya Ukristo, ni hali ya mja kutambua kuwa hana kitu mbele ya Muumba wake asichopewa, na kwa sababu hiyo kuacha kujitetea, kutakabari na kujitegemea. Nako kungoja wokovu ni upande wa pili wa hali iyo hiyo, kwa kuwa aliyekwisha kukata tamaa ya nguvu zake mwenyewe ndiye awezaye kuitazamia auni ya Mungu bila ya kumpangia saa wala njia. Fundisho hili ni la kale kama Kanisa lenyewe, lakini katika nchi zetu halikupata kuonekana wazi, likajaribiwa na kulipiwa thamani yake, kama lilivyoonekana katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake huko Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka.

Misingi yake imo katika Biblia: toba ya Daudi katika Zaburi ya 51, mtoza ushuru wa Luka 18 asiyethubutu kuinua macho, waraka wa Paulo kwa Wafilipi unaoeleza jinsi Kristo alivyojishusha hadi mauti ya msalaba, na, kwa upande wa wokovu, jawabu la vijana watatu wa Kiyahudi mbele ya tanuri la mfalme Nebukadreza katika sura ya tatu ya Danieli, waliokiri kwamba Mungu wao aweza kuwaopoa, na kwamba hata asipowaopoa hawataisujudia sanamu. Wahubiri wengi hulishika neno la kwanza la jawabu hilo na kuliacha la pili. Ndugu wa Uamsho waliyashika yote mawili, na hiyo ndiyo sababu habari yao yastahili kuelezwa kwa urefu.

Uamsho ulianza katika dhiki. Mwaka 1928 na 1929 njaa kali iliikumba mashariki ya Rwanda, na daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, aliyekuwa katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, kando ya ziwa Muhazi, alichoka mwili na roho hata akaenda Kampala kupumzika. Huko, mwezi wa Septemba 1929, alikutana kwenye kilima cha Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, wakaketi pamoja kuisoma Biblia na kuomba. Zama zile Mzungu alikuwa mwalimu na Mwafrika mwanafunzi hata ndani ya nyumba ya ibada, na kwa hiyo kikao cha watu wawili waliokiri kuwa wana haja moja kilikuwa kimekwisha kuvunja jambo kubwa kabla hata hawajaanza kuhubiri. Baadaye Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali ya Gahini aliyekuwa amechoshwa na kazi na wakubwa wake, alifika kwa Nsibambi akaanza kusimulia kasoro za hospitali. Nsibambi akamrejeza kwenye moyo wake mwenyewe, kwamba ubaridi anaoulalamikia chanzo chake ni yeye. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akawa miongoni mwa nguzo za Uamsho.

Kutoka Gahini moto wa Uamsho ulienea. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa mwalimu huko, alihubiri katika mkutano mkubwa wa Kabale mwaka 1935, akafariki Januari 1936 angali kijana. Na katika miaka iliyofuata Uamsho ulivuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika, ukaingia hata kwa Walutheri wa Bukoba, ambako alitokea Josiah Kibira, askofu aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani.

Desturi za ndugu hawa zote zilikuwa shule ya kujishusha. Walikutana kila juma katika ushirika, wakasoma Neno, wakaimba wimbo wa Tukutendereza kila mmoja alipotoa ushuhuda, na pale pale mtu akazitaja dhambi zake kwa majina yake: ulevi, uzinzi, wizi, husuda, chuki juu ya kabila lingine. Jambo hili waliliita kutembea nuruni. Wala toba haikuishia mdomoni, kwani aliyeiba alirudisha, aliyemkosea jirani alikwenda mlangoni pake kumtaka radhi, na wamisionari Wazungu walisimama mbele ya wenyeji wakaungama kiburi chao cha rangi. Nadhani hili la mwisho lina uzito kuliko yote, maana kumwomba msamaha mkubwa wako ni desturi ya watu wote, ilhali kumwomba msamaha yule ambaye dunia nzima imekuambia kuwa yu chini yako ni jambo lisilotendeka kwa adabu tu. Roy Hession, mhubiri wa Uingereza aliyejifunza kwa ndugu hawa, alikieneza kiini cha mafundisho yao katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu njia ya Kalvari.

Hata hivyo unyenyekevu wao haukuwa bila doa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa sababu walishikilia kuamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri kinyume cha amri ya mkuu wa chuo, wakiwakemea wenzao na hata walimu. Miongoni mwao alikuwa William Nagenda, aliyekuja kuwa mhubiri mashuhuri wa nchi nyingi bila ya kupewa upadre. Wakubwa wao waliona ukaidi, wao wakaona utii kwa Mungu, na kwa insafu yapasa kukiri kuwa yote mawili yalikuwamo. Kuungama hadharani nako kwaweza kugeuka riya, mtu akaanza kujivunia wingi wa machozi yake na kuwapima wengine kwa kipimo hicho. Na baadaye Balokole wa Uganda waligawanyika, kundi la Bazukufu, waliojiita walioamshwa upya, likiwashutumu wenzao kuwa wamelala. Kibri hujua kuvaa kanzu ya toba, na ndugu wenyewe waliokuwa wakweli hawakulificha hilo.

Upande wa wokovu ulijaribiwa kwa damu. Hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya mwezi wa Oktoba 1952, ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, waasi waliopigana na serikali ya kikoloni, na wengi wao wakakataa pia kuchukua bunduki za serikali, kwa hoja kwamba hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo amemfia. Wakabaki katikati, hawana ngao ya upande wowote. Baadhi walinusurika, na wengine waliuawa. Huko Rwanda, mwaka 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Bugesera, Mtutsi, alichukuliwa na askari akauawa katika mauaji ya kikabila ya wakati ule. Rwanda hiyo hiyo, iliyokuwa kitalu cha Uamsho, iliona mwaka 1994 mauaji ya halaiki ambayo ndani yake walishiriki Wakristo wa madhehebu mengi. Na yeyote anayeusifu Uamsho bila ya kulitaja hilo hauelezi kwa haki, kwa kuwa toba ya mtu mmoja mmoja haikutosha kuling'oa shina la chuki lililokwisha kupandwa katika serikali na katika shule.

Mfano ulio dhahiri kupita yote ni wa watu wawili wa imani moja. Janani Luwum, mzaliwa wa Acholi aliyeokoka Januari 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda tangu 1974. Festo Kivengere alikuwa askofu wa Kigezi. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu waliandika barua kumlaumu mtawala wa nchi, Idi Amin, kwa mauaji na dhuluma za askari wake, na tarehe 16 ya mwezi huo Luwum alikamatwa mjini Kampala, akauawa, ingawa serikali ilitangaza kuwa alikufa katika ajali ya gari. Kivengere aliponea chupuchupu, yeye na mkewe wakivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Hakuna aliyesema kwamba mmoja alikuwa na imani nyingi na mwingine haba. Ndugu walimshukuru Mungu kwa yule aliyeokoka na wakamshukuru kwa yule aliyekufa, jambo ambalo kwa mtu wa nje ni gumu kulifahamu.

Kivengere, akiwa salama ughaibuni, aliona kuwa chuki juu ya Amin imeanza kumla moyo. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka ule, kanisani London, alipokuwa akiyatafakari maombi ya Kristo kwa waliomsulubisha, alijiona kuwa yeye ndiye mwenye haja ya kusamehewa, akaomba apewe neema ya kumsamehe Amin. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kidogo kutangaza kuwa anampenda Idi Amin, na wapo waliokasirishwa nacho, waliofiwa na ndugu na watoto, ambao uchungu wao haufai kudharauliwa. Amin alipopinduliwa mwaka 1979 Kivengere alirudi Kigezi, akaishika tena kazi yake ya uaskofu hadi alipofariki mwaka 1988.