Wagonjwa wa akili: kwa nini wengine wanazeekea hospitalini?

Mgonjwa wa malaria akipona anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mgonjwa wa akili anaweza kupata nafuu na bado akabaki hospitalini miezi, hata miaka. Jambo hili lina historia ndefu.

Tuanzie Ubelgiji. Ndiko lilikotoka shirika la watawa Frères de la Charité, linalohudumia wagonjwa wa akili hapa Bukavu katika kituo cha Sosame tangu mwaka wa 1994. Padri Petrus Jozef Triest alilianzisha mjini Gent mwaka wa 1807. Wakati ule wagonjwa wa akili wa Gent walifungwa minyororo katika vyumba vya chini vya ngome ya zamani. Mwaka wa 1815 watawa walianza kuwatunza, na baadaye munganga Jozef Guislain alifundisha kwamba hao ni wagonjwa wa kutibiwa. Hospitali yenye jina lake ilifunguliwa mwaka wa 1857.

Minyororo iliondoka, lakini dawa ilikuwa haijapatikana. Mtu aliingia kijana akazeekea humo. Ni mwaka wa 1952 tu ambapo Jean Delay na Pierre Deniker, waganga wa Paris, walionyesha nguvu ya klorpromazini. Wengi walitulia, lakini si wote walitoka: baada ya miaka mingi, hawakuwa tena na mtu wa kuwapokea. Mwaka wa 2010 Ubelgiji ilianza kupunguza vitanda na kuunda makundi ya waganga wanaomfuata mgonjwa nyumbani.

Na bado nchi hiyohiyo ilikuwa na mfano wa zamani. Katika mji wa Geel, tangu karne nyingi, jamaa za wakaaji hupokea wagonjwa wa akili, wanakula pamoja na kufanya kazi pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wagonjwa hao walipita 3,500.

Kwetu Kivu, mara nyingi tunasema: "Akae huko kwanza, majirani watatucheka." Wakati huo deni la hospitali linapanda, chumba chake kinapewa mwingine, shamba lake linagawanywa. Akipona, atarudi wapi?

Waganga wafanye kazi yao. Sisi jamaa tuende kumtembelea, tumlindie nafasi yake, na tujue mapema nani atafuatilia dawa zake akisharudi.