Ndovu Aliyelindwa kwa Amri

Ukiingia uani pale Jumba la Makumbusho Nairobi utamkuta Ahmed amesimama, pembe zake ndefu zimeelekea chini kama zinataka kugusa ardhi. Nilimwona mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Mwalimu alituambia tusiguse. Nikagusa. Kumbe ni sanamu tupu, mifupa yake halisi imo ndani ya jumba. Tangu siku hiyo nikabaki na swali: huyu mnyama alifanya nini hata akaheshimiwa kama mfalme?

Baada ya kidato cha nne nilikosa la kufanya. Mchana nauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, usiku naandika riwaya isiyoisha. Riwaya yenyewe ina msitu, na mimi, msomaji, msitu niliokuwa naujua ni Karura. Basi nikajinyima, nikapata nauli, nikapanda basi la usiku kwenda Marsabit kwao Ahmed.

Ni zaidi ya kilomita 500. Wakubwa wetu walikuwa wakidandia malori juu ya mizigo, maana lami iliishia Isiolo. Siku hizi imefika hadi Moyale. Kulipopambazuka niliona mawe na vumbi tu, jangwa la Kaisut, halafu ghafla gari likaanza kupanda na ukungu ukaziba vioo. Nikatafuta sweta. Mlima ule una mita 1,707 na umezungukwa na ukame pande zote, lakini kileleni ni msitu mbichi.

Mjini niliingia kibanda cha chai. Mwenye kibanda aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Nairobi. Akasema, "Ahaa. Kenya hawajambo?"

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Mzee mmoja aliyekaa kando hakucheka. Nilipoeleza shida yangu akasema atanisindikiza.

Mbugani hatukwenda peke yetu. Ukitaka kutembea kwa miguu lazima uwe na askari wa wanyama mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Tulipita chini ya miti inayoning'iniza kuvu la kijivu kama ndevu za wahenga, maji yakitutonea shingoni ingawa hapakuwa na mvua. Mahali fulani tulikuta mavi ya ndovu bado yanafuka moshi. Askari akainua mkono. Tukasimama kimya, labda dakika kumi, moyo wangu ukipiga kama ngoma ya harusi. Ndovu mwenyewe sikumwona. Nilisikia matawi tu yakivunjika.

Kisha tukatokea ukingoni, na chini yetu lile shimo kubwa la volkano lenye ziwa. Waborana huliita Gof Sokorte Guda: gof ni shimo, guda ni kubwa. Kwenye ramani utaona Lake Paradise. Martin na Osa Johnson, mke na mume wapiga filamu kutoka Marekani, waliweka kambi hapa kuanzia 1924 hadi 1927, na Osa akaandika kitabu, Four Years in Paradise, kilichotoka 1941. Wakaisimulia dunia habari za ziwa lililopotea. Lilimpotea nani? Ng'ombe walikuwa wakinywa hapo zamani. Tena ni katika miaka hiyohiyo, 1926, serikali ya kikoloni ilipolifunga eneo lote la kaskazini, mtu asiingie wala kutoka bila kibali.

Nilimwuliza mzee, "Mzee, Ahmed ulimwona?"

"Nilimwona. Nilikuwa mtoto wa kuchunga. Alikuwa akienda polepole, pembe zinamlemea."

"Na askari wake?"

"Nao niliwaona. Yeye alipewa askari wamlinde, kijana wangu. Sisi askari tuliwajua kwa namna nyingine." Akaokota fimbo yake, tukaanza kurudi.

Maneno hayo nilirudi nayo Nairobi, nikaingia maktaba. Habari za Ahmed nilizijua: mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri ya rais alindwe, maana uwindaji wa leseni ulikuwa bado halali, haukupigwa marufuku mpaka 1977. Akalindwa usiku na mchana, akafa kifo chake mwenyewe Januari 1974. Nisilolijua ni kwamba mwaka uleule, 1970, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kwa nia njema au kwa usalama wa umma, wakati wa vita vya shifta, kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Mahali panatajwa: Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Tana River, Lamu. Na Marsabit. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka 1991.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Shuleni tulifundishwa amri ya ndovu. Hii nyingine sikumbuki mwalimu yeyote akiitaja, na historia nilipata alama nzuri, wallahi.

Juzi nimepita tena pale uani. Watoto wa shule walikuwa wamepanga mstari, mmoja akanyoosha mkono akagusa. Sura yangu ya msitu nimeichana. Naiandika upya, inaanzia kwenye kibanda cha chai.