Padri Stefano Kaoze, Mzaliwa wa Kwanza wa Altare

Katika siku za yubile watu huhesabu mapadri waliowatangulia. Katika Kongo ya nyakati zetu hesabu hiyo huanzia kwa mtu mmoja wa pwani ya ziwa Tanganyika. Hatusahau ufalme wa kale wa Kongo, ambao Henrique, mwana wa mfalme Afonso, alifanywa askofu katika karne ya 16. Lakini mbegu ile ilinyauka.

Stefano Kaoze alizaliwa yapata mwaka 1886 katika nchi ya Marungu, kwa Watabwa. Mapadri Weupe walikuwa wamepokea boma la Mpala mwaka 1885 tu, na biashara ya watumwa ilikuwa ingali ikiteketeza vijiji. Mtoto akasoma Mpala, akabatizwa, akaanza Kilatini.

Wazungu wengi waliona ni ndoto kwamba mtu mweusi asimame altareni. Monsinyori Victor Roelens, askofu wa Kongo ya Juu, hakufikiri hivyo, lakini hakufanya haraka pia. Alidai Kilatini, filozofia na teolojia, miaka mingi, bila kupunguza kitu. Kijana wa Ulaya alisoma ili ajue kama Mungu anamwita. Kaoze alisoma vilevile ili ajibu swali lililowahusu wote: je, watu wake wana akili na utashi kama wengine?

Jibu lake la kwanza lilikuja kwa kalamu. Angali seminarista, aliandika kwa Kifaransa juu ya roho na mawazo ya Wabantu. Maandiko hayo, La psychologie des Bantu, yakachapishwa mwaka 1910 na 1911. Mmoja wa wale waliokuwa wakichunguzwa alikuwa sasa akisema mwenyewe.

Tarehe 21 Julai 1917, vita vikiwa vingali vinaendelea, Roelens alimpa daraja takatifu huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Siku hiyo ilikuwa pia sikukuu ya taifa la Ubelgiji. Wakubwa wa koloni walikuwa na sababu yao ya kufurahi, na wazee wa Kitabwa walikuwa na yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Padri Kaoze aliitwa Léopoldville kuketi katika Baraza la Serikali, Mkongo wa kwanza kuingia humo. Mpaka hapo mambo ya wenyeji yalisemwa humo na Wazungu. Tusikuze cheo hicho kupita kiasi: Baraza lilitoa shauri tu, na amri ilibaki kwa Gavana Mkuu na Bruxelles. Lakini kiti kilikuwa kimekaliwa.

Alifariki mwaka 1951, akituachia pia habari za wazee wa Bena-Kilunga alizoandika zisipotee. Miaka mitano baadaye, mwaka 1956, Pierre Kimbondo wa Kisantu aliwekwa askofu.