Alama za Mtihani na Lugha ya Mtahiniwa: Historia ya Kulinganisha Makundi ya Wanafunzi Nchini Kenya

Mtihani una sifa moja iliyowavutia watawala wa kila zama: huacha nambari. Mwalimu aliyekaa na mtoto mwaka mzima anaweza kueleza mengi juu yake, lakini maelezo hayo hayajumlishiki wala hayagawanyiki. Nambari hujumlishika. Mara tu zinapojumlishwa, hutafutwa wastani, na wastani wa kundi hili huwekwa kando ya wastani wa kundi lile. Nchini Kenya kazi hiyo imefanywa kwa muda unaokaribia karne moja: kwanza kwa kugawanya watoto kwa rangi, kisha kwa wilaya na mikoa, kisha kwa jinsia na kwa aina ya shule. Makala haya yanadai kwamba katika kila hatua kilichopimwa kwanza ni umbali uliokuwapo baina ya lugha ya mtoto na lugha ya karatasi iliyowekwa mbele yake, na kwamba umbali huo ndio ulioandikwa kwa uchache kuliko mambo mengine yote.

Ulinganishaji wa awali unaostahili kutajwa ni ule wa R. A. C. Oliver, mwanasaikolojia aliyekuja Kenya kwa fedha za Shirika la Carnegie na kufanya kazi katika Shule ya Jeanes huko Kabete. Mwaka 1932 ulichapishwa Nairobi mwongozo wa jaribio lake la akili lililokusudiwa Waafrika. Oliver aliwapima wavulana wa Alliance, shule iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na kuwalinganisha na wavulana wa Kizungu wa Prince of Wales, Nairobi. Wastani wa Waafrika ulikuwa chini. Hata hivyo baadhi yao waliupita wastani wa Wazungu. Oliver mwenyewe alikuwa mwangalifu. Hakukubali kwamba tofauti hiyo ilithibitisha lolote juu ya urithi wa akili, kwa kuwa mazingira ya makundi hayo mawili hayakuwa sawa hata kidogo.

Uangalifu huo ulihitaji ujasiri kuliko inavyoweza kudhaniwa leo. Siku zile zile Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alikuwa akihubiri kwamba ubongo wa Mwafrika ulikuwa na upungufu wa kimaumbile, na mwaka 1933 kikaundwa Nairobi chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari. Mbele ya hadhira ya namna hiyo, nambari ndogo hazihitaji mfasiri. Jambo ambalo halikupewa uzito unaostahili ni hili: mvulana wa Alliance alikuwa amekwisha kupita katika lugha mbili au tatu kabla ya kulifikia dawati lile, yaani lugha ya mama yake, aghalabu Kiswahili, kisha Kiingereza cha darasani; ilhali mwenziwe wa Prince of Wales alikuwa bado katika lugha aliyonyonya. Hata jaribio la michoro huelezwa kwa maneno, na anayelieleza hutazamia kwamba msikilizaji amezoea mchezo wa kujibu maswali ambayo muulizaji tayari anayajua majibu yake.

Kwamba kosa hili halikuwa la Afrika peke yake linadhihirika katika nchi ambako sanaa ya kupima akili ilistawi kuliko kwingine kote. Huko Marekani, majaribio yaliyotungwa kwa ajili ya jeshi mwaka 1917 yalionyesha kwamba wahamiaji waliokaa nchini muda mrefu walipata alama nyingi kuliko waliofika karibuni. Mtu yeyote aliyewahi kujifunza lugha ukubwani angeona sababu yake mara moja. Carl Brigham hakuiona. Katika kitabu chake cha mwaka 1923 alieleza kwamba waliofika karibuni walitoka katika mbari duni, na maneno hayo yakatumiwa na waliotaka kuufunga mlango wa uhamiaji, uliobanwa kwa sheria ya mwaka 1924. Mwaka 1930 Brigham aliandika kuikana kazi yake, akikiri kwamba majaribio ya namna ile hayawezi kuwalinganisha watu waliolelewa katika lugha mbalimbali. Ni nadra kwa mtaalamu kujisahihisha kwa uwazi kiasi hicho. Bahati mbaya ni kwamba sheria ilikuwa imekwisha kupitishwa.

Kenya ya kikoloni haikuhitaji kulinganisha rangi katika mtihani mmoja, kwa sababu haikuwaruhusu watoto kukaa katika mtihani mmoja. Wazungu, Wahindi na Waafrika walikuwa na shule zao na mitihani yao mbalimbali ya kumalizia msingi. Kwa Waafrika, mpango uliofuata ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 uliweka mchujo baada ya mwaka wa nne na mwingine baada ya mwaka wa nane. Baada ya uhuru mitihani hiyo iliunganishwa, na kuanzia mwaka 1966 watoto wote walifanya mtihani wa CPE. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Lodwar na mtoto wa Lavington walijibu maswali yale yale siku ile ile. Kuna walioona kwamba usawa umepatikana.

Lakini CPE ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi moja ya mchanganyiko iliyobeba Historia, Jiografia na Sayansi. Zote zilikuwa kwa Kiingereza, na jibu lilikuwa kuchagua moja kati ya yaliyotolewa. Kiswahili hakikutahiniwa. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake miaka ya 1964 na 1965, ilikuwa imetaka Kiswahili kifundishwe katika shule zote za msingi, lakini tume hiyo hiyo ikakubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Somo lisilotahiniwa, katika shule ambayo hatima ya mtoto hukatwa na mtihani, hupewa kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Na mara nyingi hata hicho hugeuzwa cha Hisabati. Matokeo yake ni kwamba karatasi tatu za CPE zilikuwa, kwa maana fulani, karatasi moja ya Kiingereza iliyoandikwa mara tatu. Mtoto aliyeshindwa kusoma swali la Hisabati alihesabiwa kuwa hajui Hisabati.

Sifa za H. C. A. Somerset zinatokana na kulichunguza jambo hili swali kwa swali. Katika miaka ya 1970 alionyesha jinsi maswali mengi yalivyopima kumbukumbu na mambo yanayojulikana na mtoto wa mjini aliye na vitabu nyumbani, badala ya kupima uwezo wa kufikiri. Maswali yakaanza kutungwa upya, yakitumia mambo ambayo mtoto wa shambani huyaona kila siku, na walimu wakapelekewa maelezo ya mahali wanafunzi walipokosea. Pamoja na maelezo hayo zilikwenda orodha za wilaya kwa kufuatana na alama. Nia ilikuwa njema. Lakini katika mambo yaliyopelekwa shuleni, bila shaka orodha ndiyo iliyosomwa zaidi.

Orodha nayo huzaa hila zake. Wastani huinuliwa kwa njia mbili: kuwafundisha walio dhaifu, au kuwazuia wasifanye mtihani. Shule nyingi zilijua njia ya pili. Watoto walirudishwa darasa, na wasichana waliotoka shuleni mapema hawakuhesabiwa popote. Wastani wa wilaya ambayo watoto wake wengi wamo malishoni si wastani wa watoto wa wilaya hiyo. Kasoro hii, ikitazamwa vyema, ni ile ile ya siku za Oliver: wavulana wa Alliance walikuwa wachache waliochujwa kutoka koloni nzima, lakini waliitwa Waafrika.

Mwaka 1985 ulileta mabadiliko mawili. Moja lilikuwa la nafasi: asilimia 85 ya nafasi katika shule za sekondari zisizo za kitaifa zilitengewa watoto wa eneo la shule. La pili, lililopendekezwa na tume ya Gachathi mwaka 1976 na kusisitizwa na ile ya Mackay mwaka 1981, lilikuwa kukiingiza Kiswahili katika mtihani mpya wa KCPE, pamoja na insha. Wapenzi wa lugha walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia: kipindi cha Ijumaa kilirudi mikononi mwa mwenyewe. Vitabu vikaandikwa, walimu wakatafutwa, na wanafunzi wa Bara wakakisoma Kiswahili kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana.

Hapo ndipo ulipozuka ulinganishaji ambao Idara za lugha haziwezi kuukwepa. Ilitazamiwa kwamba Pwani, chimbuko la lugha yenyewe, ingeongoza katika karatasi hiyo bila ya kushindaniwa. Haikuwa hivyo kila mara, na mshangao wa watu ukageuka dhihaka: Waswahili hawajui Kiswahili. Dhihaka hiyo inasahau historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakisimamia. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikaachwa mlangoni katika mji wake mwenyewe. Mtoto wa Kuze anayesema ndia, tini na mtele hajakosea lolote. Anasema kama nyanya yake asemavyo. Lakini msahihishaji ana mwongozo, na katika mwongozo kuna njia, chini na mchele. Mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili kitabuni hana lahaja ya kumponza. Aliye nacho tangu utotoni hudhaniwa hahitaji kufundishwa, na mara nyingi hafundishwi. Si haki kusema kwamba hilo ndilo sababu pekee, kwa kuwa umaskini wa shule nyingi za Pwani unajulikana. Ila kuisoma alama ile kama kipimo cha umilisi wa lugha ni kuirudia hesabu ya Brigham.

Upande wa pili wa mpaka unatoa fundisho lake, ingawa si jepesi. Katika uchunguzi wa SACMEQ wa mwaka 2000, uliowapima wanafunzi wa darasa la sita katika nchi kadhaa za Kusini na Mashariki mwa Afrika, Kenya ilipata alama 546 hivi katika kusoma, na Tanzania ikawa karibu sawa nayo. Mwaka 2007 Tanzania ilipanda hadi 578 hivi na kuongoza nchi zote, huku Kenya ikibaki karibu na 543. Wanafunzi wa Tanzania Bara walisoma karatasi ya Kiswahili, lugha waliyofundishiwa. Wa Kenya walisoma ya Kiingereza. Atakayeona hapo kwamba lugha inatosha kueleza kila kitu akumbuke Hisabati ya mwaka 2000, ambayo Kenya iliizidi Tanzania kwa alama zipatazo 40. Atakayesema kwamba lugha si kitu, na aeleze kwa nini pengo hilo halikuonekana katika kusoma.

KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika miaka yake 39 matokeo yalitangazwa kila mara kwa mafungu: wavulana na wasichana, shule za serikali na za watu binafsi, mkoa na baadaye kaunti, watahiniwa wenye ulemavu, hata umri. Ilikuwa kawaida kusikia kwamba wasichana wametangulia katika Kiingereza na Kiswahili, na wavulana katika Hisabati na Sayansi. Lugha ambayo mtahiniwa huzungumza nyumbani haikuwa miongoni mwa mafungu hayo. Mtoto wa Marsabit asemaye Kiborana, wa Kuze asemaye Kimvita na wa Nairobi aliyekulia katika Kiingereza waliingia katika jedwali wakiwa na jina, nambari, jinsia na kituo cha mtihani.