Kaseti Isiyo na Jina

Likizo ya 1996 nilishuka kutoka Amani kwa basi la Muheza, kichwani nina kitu kimoja tu: kibanda cha gemu, Ngamiani. Mashine ilikuwa feki, nakala ya Famicom ya Nintendo, na ilikubali kaseti yoyote. Kumbe kukubali kule kuna historia yake, wenzangu.

Mwaka 1979 watunzi wanne wa gemu walitoka Atari. Gemu zao ziliuzwa sana, lakini majina yao hayakuandikwa popote. (Mwandishi chipukizi, unanielewa!) Wakaingia Activision, kampuni mpya iliyotoa gemu za mashine ileile ya Atari na kuwataja watunzi. Atari ikawashtaki, 1982 wakapatana. Basi kila mwenye kijisenti akatoa gemu, takataka zikajaa madukani, na 1983 soko la Marekani likaanguka.

Nintendo iliona. Famicom ya Japani, ya 1983, haikuwa na kufuli, ndiyo maana feki zetu hazikubagua. Ile ya Marekani, 1985, ilifungwa kwa kichipu. Mchapishaji aliruhusiwa gemu tano tu kwa mwaka, na kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe. Konami ikajipenyeza kwa jina la pili, Ultra. Color Dreams, kampuni ndogo ya California, haikuomba ruhusa: ilikipumbaza kichipu kwa mshtuko wa umeme. Gemu zake nyingi zilikuwa mbovu, nisiwadanganye. Lakini zilitoka.

Kaseti yetu pale Ngamiani ilikuwa imebanduka karatasi. Tuliicheza mpaka magharibi bila kujua nani kaitunga.