Msuko wa Sauti: Wingi Si Kupishana

Mwalimu anayefundisha nadharia ya muziki kwa Kiswahili hupata kazi ngumu afikapo kwenye dhana ya namna sauti zinavyohusiana ndani ya wimbo. Akisema "umbile", mwanafunzi atafikiria beti na kibwagizo. Akisema "uzito", atahesabu waimbaji. Neno ninalopendekeza ni msuko wa sauti.

Najua wasomi wa fasihi wanalo tayari: msuko kwao ni mpangilio wa matukio katika riwaya au tamthilia. Hakuna mgongano. Wao waseme msuko wa matukio, sisi tuseme msuko wa sauti. Msukaji wa mkeka huelewa upesi: idadi ya miyaa haikuambii nakshi itakuwaje, kinachoamua ni upi unapita juu ya upi. Muziki nao uko hivyo, na pwani ya Ziwa Viktoria, kutoka Homa Bay hadi Migori, inatupa mifano ya kila aina.

Msuko wa kwanza ni wa sauti moja, yaani monofonia. Mama anayembembeleza mtoto anao, na shule nzima inayoimba lahani ileile pamoja inao vilevile. Watu mia wakifuata njia moja, njia inabaki moja.

Wa pili ni wa kufuatana, au heterofonia. Sikiliza orutu, zeze la Wajaluo lenye uzi mmoja, likimsindikiza mwimbaji. Uzi unaishika lahani ya mwimbaji, lakini unaipamba: unatangulia kidogo hapa, unachelewa pale, unatetemesha noti ambayo yeye ameinyoosha.

Wa tatu ni wa kuandamana, au homofonia. Wamisionari Waadventista Wasabato walifungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kwaya za kanisa hilo zimestawi sana katika eneo hili. Zinapoimba tenzi bila ala, soprano, alto, teno na besi hushika noti tofauti, lakini hutamka silabi kwa wakati mmoja. Sauti ni nne, mwendo ni mmoja.

Wa nne ndio wenye utata: polifonia, na sanaa yake ya kontrapunkti. Jina hilo linatokana na Kilatini, punctus contra punctum, nukta dhidi ya nukta. Johann Joseph Fux aliipangia kanuni zake katika kitabu Gradus ad Parnassum, kilichotoka Vienna mwaka 1725. Kiini chake ni kwamba kila sauti iwe na lahani yake na mwendo wake, na bado zote zipatane. Hapa "sauti sambamba" haifai, maana vitu sambamba huelekea upande mmoja daima. "Sauti nyingi" nayo haifai, kwa kuwa ile kwaya ya tenzi pia inazo nyingi. Nasema mpishano. Watu wawili njiani hupishana, mmoja akienda na mwingine akirudi. Wenye maoni tofauti hupishana kauli. Vilevile mpishano si kupokezana, ambako kiongozi hunyamaza ili waitikiaji waingie. Katika mpishano hakuna anayelazimika kunyamaza.

Muziki wa benga unauonyesha mpishano vizuri. Katika nyimbo za Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Migori, gitaa la solo humfuata na kumjibu mwimbaji. Uimbaji ukikoma, magitaa hushika uwanja: solo linakimbia juu, la pili linarudia kipande chake kifupi, besi inatembea kwa njia yake.

Sauti hupishana kwa lahani, na hupishana pia kwa mdundo. Tutenganishe maneno matatu: pigo ni kipimo kinachorudi kwa usawa, kasi ni upesi wa kurudi kwake, mdundo ni mpangilio wa milio mirefu na mifupi juu ya mapigo hayo. Katika ushairi tunalo wizani; kwenye ala, mdundo unatosha. Hesabu moja hadi sita, tena na tena. Mguu ukanyage kwenye moja na nne. Mkono ugonge meza kwenye moja, tatu na tano. Viwili juu ya vitatu hukutana kwenye moja tu. Huo ni mpishano wa midundo.

Mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, huubeba mpishano wa namna hiyo mwilini mwake. Ala ina nyuzi nane, nne kwa kila mkono. Pete ya chuma, oduong'o, iliyo kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia hugonga mti wa ala. Njuga ziitwazo gara hulia mguuni. Na juu ya yote hayo anaimba.

Kwa hiyo waamuzi wa tamasha za muziki za shule wanapoandika maoni yao, wasihesabu vinywa. Kwaya ya watu arobaini inaweza kuwa na sauti nne bila mpishano wowote, na mtu mmoja aliyeketi kwenye kigoda akawa na mpishano wa mikono, mguu na koo. Istilahi inayoficha tofauti hiyo inamnyima mpiga nyatiti sifa anayostahili. Msuko na mpishano zinamrudishia.